Betri za Dirishani

Nilizaliwa na sauti nzito. Mpaka leo nikipokea simu watu huniita kaka, na kwa kuwa sina subira nyingi, wengine nawakatia. Lakini nilipokuwa mtoto kule Sengerema sikujua kama sauti yangu ni jambo la kusemwa, mpaka siku mama mmoja aliyefundisha kwaya ya watoto kanisani kwetu alipopita mstari kwa mstari ametega sikio. Alipofika kwangu akasimama. Akaniambia niimbe peke yangu, nikaimba. Akaenda kabatini, akarudi na kayamba.

"Wewe utatusaidia hapa," alisema, akanikabidhi.

Kwa hiyo nilikua natikisa kayamba. Nililitikisa Krismasi, Pasaka na kwenye harusi za watu nisiowajua, mdomo nimeufunga. Mama yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale mjini, alikuwepo siku ile na hakusema neno. Nilimnunia. Nyumbani tulikuwa wawili tu, kwa hiyo kumnunia mama kulikuwa ni kuinunia nyumba nzima. Yeye hakujali. Jioni akileta ungo wa mchele tuuchambue, ananiambia, "Haya, imba. Mchele huu una mawe, tutakesha." Nikawa naimba kwa sauti ile ile iliyokataliwa, kwanza kwa hasira, halafu nikisahau hasira. Yeye hakusifu wala hakukosoa. Aliendelea kutoa mawe.

Nilipochaguliwa kidato cha tano nikavuka ziwa kwenda Mwanza. Mchepuo wangu ulikuwa Historia, Jiografia na Kiingereza. Muziki haukuwamo kwenye mchepuo wowote pale shuleni. Ulifundishwa baada ya vipindi, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya maabara ya kemia, na ukiingia bado unasikia harufu ya vitu ambavyo hutaki kuvijua. Aliyeufundisha alikuwa mwalimu wetu wa Jiografia, mtu wa Kagera, mrefu, mtanashati, aliyekulia kwenye familia ya Kilutheri ambamo kila mtoto alijua nota kabla ya kujua kuendesha baiskeli. Mfukoni alikuwa na kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja, ile ile siku zote. Alikigonga kwenye goti, akakiweka karibu na sikio, akafumba macho, halafu akatupa do yetu.

Siku ya kupanga sauti ikafika. Nilikuwa nimeshaangalia pembeni kama kuna kayamba. Akanisikiliza mistari miwili, akasema, "Sauti ya tatu. Kaa pale na wavulana," akaita mwingine. Hakushangaa, hakucheka, hakuniuliza kama nina mafua. Nilimpenda mwalimu yule tangu dakika ile na sijaacha. Wavulana wa sauti ya tatu waliniita "ndugu mjumbe", nikawatukana kidogo, tukawa marafiki.

Kwaya yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja, kushuka. Tulianza wimbo mahali alipotuweka mwalimu, na kila ubeti tukawa tunateleza chini polepole, wote kwa pamoja, bila mtu kujijua. Mwisho wa wimbo mwalimu alikigonga chuma chake, akasikiliza, akatutazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. "Mmenishusha tena," alisema. "Mmeanzia kilimani Bugando, mmemalizia sokoni."

Zile zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya mjini ambayo nilipokuwa mdogo yalikuwa na sabuni na viberiti tu yalikuwa yamejaa redio kaseti za spika mbili, saa za kila rangi, na mitumba mpaka barabarani. Kila kona kulikuwa na kibanda cha kurekodia kaseti: unaleta kaseti tupu, unachagua nyimbo, kesho unakuja kuchukua. Kwenye duka moja la vitu vilivyotumika kutoka nje, mwalimu wetu alikuta mashine ambayo mwenye duka alidhani ni redio mbovu, maana haikukamata stesheni yoyote. Ilikuwa rekoda ya njia nne. Mwalimu alirudi shuleni anapumua kama aliyekimbizwa. Mkuu wa shule alikubali inunuliwe kwa sharti moja: itoe kaseti ya kwaya ya shule, na kaseti hiyo isikike mjini.

Ndipo tulipoanza kusoma kitu ambacho hakuna shule nyingine tuliyoijua ilikuwa inakisoma. Mwalimu alichora ubaoni mkanda mwembamba, akaugawa kwa mistari kama barabara ya magari manne, akatueleza kwamba kwenye njia ya kwanza unaweza kuweka waimbaji, ya pili ngoma, ya tatu kinanda, na kila mmoja ukampandisha au kumshusha bila kumgusa mwenzake. Tulijifunza kukaa mbali na maikrofoni kwa kadiri ya sauti ya mtu. Tulikuwa na hedifoni moja, tukaivaa wawili wawili, sikio lako na sikio la mwenzako, mashavu yakigusana, na mapenzi mengine ya pale shuleni yalianzia hapo. Ili chumba kisirudishe mwangwi tulihitaji trei za mayai za kubandika ukutani. Tukaenda stendi ya Buzuruga kuwaomba wauza mayai. Akina mama wale walitusikiliza kwa makini sana, halafu mmoja akauliza, "Yaani mnataka trei, mayai hamtaki?" Tulirudi nazo. Hesabu ya aibu tuliyoipata siifanyi.

Jirani yangu wa hedifoni alikuwa msichana wa sauti ya kwanza. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na sauti yake ilikuwa juu na safi kiasi kwamba mwalimu alimweka nyuma kabisa ya chumba asije akawafunika wenzake. Tulilala kitanda cha juu na cha chini. Kila mtu alijua kwamba wimbo wenye mwimbaji wa peke yake ataimba yeye.

Mwalimu akanipa mimi. Ulikuwa wimbo alioutunga mwenyewe, wa shukrani ya mavuno, na beti zote zilikuwa za mtu mmoja, kwaya ikiitikia kwa chini. "Huu ni wimbo wa mtu aliyechoka na kazi ya shamba," alisema. "Sitaki ndege. Nataka mtu." Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Nilijua ninachokitaka, na sitaficha: nilitaka kaseti ile ivuke ziwa, ifike Sengerema, iingie kwenye redio ya yule mama aliyenipa kayamba.

Umeme ulikuwa wa mgawo miezi ile, leo upande huu wa mji, kesho ule, na mara nyingi kwetu ulikuwa kesho. Mwalimu akagundua kwamba mashine inakubali betri ya gari. Jumamosi moja akaomba betri ya pikapu la shule, akaiweka chini ya meza, akaunga nyaya, akatusomea sheria. Hakuna kusikiliza tulichorekodi. Kusikiliza ni kula betri. Tunaimba, tunafunga, tunaenda wimbo mwingine, tutasikiliza siku umeme ukirudi. Tuliona ni akili kubwa sana. Mashine ilitumia betri ile ile iwe inarekodi au inasikilizisha, kwa hiyo kila tulichokiokoa kwenye kusikiliza tulikiimba.

Tuliimba tangu asubuhi. Wimbo wangu ulikuwa wa mwisho. Jua lilikuwa limehamia upande wa ziwa, chumba kimekuwa tanuru, wavulana wamevua mashati. Nilisimama peke yangu mbele ya maikrofoni, nikafikiria ungo wa mchele, nikaimba. Sijawahi kuimba vile. Tulipomaliza mwalimu alikigonga chuma chake, akatikisa kichwa akitabasamu, maana tulikuwa tumeshuka kama kawaida, lakini alikuja akanishika bega. "Huyo ndiye mtu niliyekuwa namtaka," alisema.

Betri ikarudishwa kwenye pikapu, na pikapu likakataa kuwaka. Tulilisukuma kutoka karakana mpaka getini, mkuu wa shule ndani ameshika usukani, kwaya nzima nyuma inacheka na kuimba. Darasa zima la ufundi wa kurekodi lilikuwa pale linasukuma, mwalimu akiwemo, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama betri imekufa, je, mashine ilikuwa na hali gani wakati naimba.

Umeme uliporudi tukajazana chumbani kusikiliza. Nyimbo za mwanzo zilikuwa nzuri mno. Zile za katikati zilikuwa zimechangamka kidogo. Ulipoanza wimbo wangu, akaimba mtu mwingine. Alikuwa msichana, mdogo, sauti nyembamba na tamu, na kila ubeti alizidi kupanda. Kwaya nyuma yake ilikuwa nyepesi na ya haraka kama watoto wanaotoka shule. Mwalimu alikigonga chuma chake, akasikiliza, akakaa chini. Alituelewesha taratibu. Betri ilipokuwa inaisha nguvu mkanda ulitembea polepole. Sasa umeme kamili unautembeza kwa mwendo wake wa kawaida, kwa hiyo kila kitu kimekwenda mbio, na sauti ikienda mbio hupanda. Tulikuwa tumeshuka, lakini betri ilishuka kutuzidi.

Angerudia kurekodi, nina hakika. Lakini mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni.

"Huyu malaika ni nani?" akauliza.

Wote wakanitazama mimi. Mkuu wa shule naye akanitazama, akacheka akidhani ni utani, halafu akasema, "Mwalimu, usiguse kitu hapo. Hii ndiyo kaseti." Nikaulizwa kama nimefurahi. Nikasema ndiyo. Nikatoka, nikapanda kwenye mawe nyuma ya bweni la wasichana, nikalia mpaka kichwa kikauma. Nilikuwa nimeibiwa, na aliyeniibia ni betri, nitamshitaki nani?

Kaseti ikasikika. Vibanda vya mjini viliinakili bila kutuuliza, tukaisikia saluni, tukaisikia kwenye maduka ya vitenge, na kila mahali ni ule wimbo wa mwisho upande wa pili. Waumini walisema kwaya ile imejazwa Roho, maana inapanda tu haishuki. Mwalimu, ambaye maisha yake yote alipigana na kwaya zinazoshuka, alisikia sifa hiyo na uso wake haukujua uende wapi. Mimi nilimpelekea mama kaseti kwa mtu anayevuka, bila maelezo. Akanijibu kwa mtu huyo huyo kwamba ameipata na anaisikiliza. Basi. Nilijua anamsikiliza yule mtoto wa betri, na niliona uchungu kuliko siku ya kayamba.

Halafu ukaja mwaliko. Kanisa la Sengerema, kanisa letu, lilitutaka tukaimbe siku ya shukrani ya mavuno, na waliomba wimbo ule kwa kuutaja. Mwalimu aliniita pembeni baada ya mazoezi. Alikuwa anakigeuza chuma chake mkononi.

"Watu wanakuja kusikia sauti waliyoizoea," alisema. "Nimeona mwenzako wa sauti ya kwanza auimbe, kwa do ya kwenye kaseti. Wewe utabaki sauti ya tatu. Unanielewa, mwanangu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nilimwelewa. Ndiyo maana sikuweza hata kumchukia vizuri. Mwenzangu alikuja kitandani kwangu akaketi, akasema hakuomba. Nikamwambia najua. Kwa kuwa alikuwa rafiki wa kweli hakujaribu kunichekesha.

Tulikwenda kwa lori, tukavuka kwa kivuko cha Kigongo kwenda Busisi. Katikati ya maji mfanyabiashara mmoja wa dagaa alisoma maandishi kwenye fulana zetu, akaruka. "Nyie ndio mriimba kare kawimbo? Hebu kaimbeni basi tusikie!" Wakaimba. Mwenzangu aliimba vizuri sana, kivuko kizima kikapiga makofi, mpaka wenye ng'ombe. Mimi niliitikia kwa chini kati ya wavulana wawili, naangalia maji, nikawaza kwamba kesho itakuwa hivi hivi, ila mama atakuwa amekaa kiti cha mbele.

Wenyeji waligawana wageni majumbani. Mimi nikamchukua mwenzangu twende kwetu. Mama alitupokea kwa kelele za furaha.

"Shikamoo mama," mwenzangu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Kaa hapo, usiogope kiti, kinalia lakini hakianguki."

Chai ilipomiminwa nilitaka nimweleze mama mapema, yaishe. Nikaanza, "Mama, kesho ule wimbo..." Lakini yeye alikuwa ameshainuka. Alikuwa na redio kaseti ndogo, na kumbe alikuwa anangoja mgeni wa kumwonyesha. Akafungua mgongo wa redio, akatoa betri, akaziweka kando. Kisha akaenda dirishani. Pale kwenye kizingiti, juani, zilikuwa zimepangwa betri kuukuu, nyingine zimeanza kuota kutu, zile ambazo kila nyumba ilizianika ili zipate nguvu ya mwisho mwisho. Akachagua nne, akazifuta kwa kanga, akazipachika.

"Mama, mbona unatoa nzima unaweka mbovu?" nikauliza.

"Hizo nzima ni za taarifa ya habari," alisema. "Hizi ni zako."

Akabonyeza. Redio ikavuta pumzi, ikaanza polepole, na nikasikia sauti yangu.

Nilikuwa mimi. Mimi wa Jumamosi ile, mwenye jasho, mchovu, naimba kwa sauti nzito mbele ya trei za mayai, na nyuma yangu wavulana wa sauti ya nne wanaunguruma kama walivyounguruma siku ile. Mwenzangu aliweka kikombe chini. Mama alikuwa anatikisa kichwa kwa mwendo wa wimbo, hajui kama ametenda jambo lolote.

"Ulipoituma," alisema, "niliweka betri mpya, kwa heshima. Akaimba mtoto wa watu. Nikasema labda wamekosea kaseti. Nikamwachia aimbe tu. Siku moja betri zikaanza kufa, ukaja wewe. Basi tangu hapo sitaki mpya." Akatabasamu. "Nimegombana na yule mama wa kwaya kwa ajili hiyo. Kwake kuna redio mpya, kubwa. Anasema yangu inamwimbisha mtoto vibaya. Nikamwambia yako ndiyo inamwimbisha vibaya, mimi huyu nimechambua naye mchele."

Nililia palepale, mbele ya mgeni, bila haya yoyote. Mama akadhani nimechoka na safari.

Asubuhi nilimkuta mwalimu nje ya kanisa anakagua mistari. Hasira zangu, ambazo kwa kawaida hunitia matatani tu, safari ile zilinisaidia.

"Shikamoo mwalimu. Leo naimba mimi."

"Tulishakubaliana. Watu wanataka sauti ya kwenye kaseti."

"Ile ni sauti ya betri, mwalimu."

Akamtazama mwenzangu. Mwenzangu akainua mikono. "Mwalimu, jana nimemsikia kwenye redio ya mama yake. Mimi siimbi huo wimbo tena. Una mwenyewe." Akamweleza habari ya betri za dirishani, na mwalimu wetu wa ufundi wa kurekodi alisikiliza mdomo wazi. Mwisho akacheka mpaka akatoa kitambaa. Akakigonga chuma kwenye goti, akakiweka sikioni, akafumba macho, akanipa do ya zamani.

Niliimba. Nilipotoa neno la kwanza watu waligeuziana nyuso, nikaona kiti cha tatu yule mama wa kwaya amekunja kipaji, anatafuta sauti inatokea wapi. Sikumwangalia tena. Tuliimba taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetoka shambani, na kila ubeti tukashuka kidogo, wote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza mwalimu alitushusha mwenyewe kwa mkono wake, anatabasamu. Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Wakaanza wazee, halafu wote.

Nje, wakati watu wanasalimiana, yule mama wa kwaya alimfuata mama yangu. Nilikuwa nyuma yao, nimebeba Biblia ya mama.

"Mwalimu," akamwambia, "mtoto ameimba. Ila kwangu kwenye redio siyo hivi kabisa. Kwangu ni sauti nyingine."

Mama alifunga kanga yake vizuri, bila haraka, kama mtu ambaye amelisubiri neno hilo kwa miaka mingi kuliko umri wa kaseti.

"Njoo nyumbani," alisema, "nikupe betri."